Moki Ilikuja, Karatasi Haikurudi

Sista yangu mdogo yuko Gredi ya 8. Wiki jana alirudi nyumbani na kikaratasi chenye upana wa risiti ya supamaketi: jina lake, masomo tisa, alama, na nafasi aliyoshika darasani. Hesabu, 31. Mamangu akashtuka, akaanza kuongea kuhusu tuisheni. Mimi nikamuuliza sista swali moja tu: "Ni maswali gani yalikushinda?"

Akaniangalia vile unamwangalia mtu amekuuliza bei ya ndege.

"Sijui, bro. Karatasi huwa hawarudishi. Zinabaki ofisini."

Nikakaa na hiyo kitu siku mbili, ju hiyo ofisi naijua. Nilimaliza kidato cha nne baada ya kufanya opena, mitihani ya katikati ya muhula na ya kufunga muhula, kila muhula, halafu moki juu yake. Ukipiga hesabu inapita mitihani 30. Nikijaribu kukumbuka ni mara ngapi mwalimu alikaa nasi akatuonyesha tulianguka wapi na kwa nini, napata mara tatu. Hizo zingine zote zilikuwa namba tu, zikasomwa mbele ya darasa, zikabandikwa ukutani, zikaishia hapo.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Huyu aliacha kampasi, sasa anataka kutufunza elimu." Sawa, ni kweli niliacha. Lakini aliyeanguka kwenye shimo ndiye anajua liko wapi. Na wiki hii nimesoma historia ya mitihani yetu, nikapata kitu ambacho hakuna mwalimu aliwahi kuniambia: kuna wakati Kenya tulikuwa na mpango mzuri wa nini kifanyike baada ya mtihani. Tuliupata, ukafanya kazi, halafu tukabaki na nusu yake. Na tukabaki na ile nusu mbaya.

Tuanze na babu.

Babu yangu alisoma Machakos miaka ya 50. Hakufika darasa la tano. Siku hizo elimu iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, kiongozi wa kanisa la Anglikana, ilitoa ripoti iliyopanga masomo ya Mwafrika kwa ngazi tatu za miaka minne minne. Mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani wa mchujo. Ukipita, unaendelea mpaka darasa la nane, ambapo unakutana na mtihani mwingine, KAPE, uliokuwa wa Waafrika. Wachache waliofika kidato cha nne walifanya mtihani wa Cambridge, Uingereza.

Hebu fikiria hiyo. Mtoto wa miaka 11 hivi, mtihani mmoja, maisha yamekatwa. Nafasi za mbele zilikuwa chache, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuziongeza. Kazi ya mtihani haikuwa kumsaidia mtu asome. Ilikuwa kuchagua nani aachwe.

Nilimuuliza babu kama aliwahi kuambiwa alikosea nini. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, nani angeniambia? Walisoma majina, langu halikusomwa. Nikaenda nyumbani kuchunga mbuzi. Anayekufungia mlango hakuelezi ulikosea wapi."

Hiyo sentensi ishikilie, tutairudia.

Uhuru ukaja 1963. Tume ya Ominde ikaundwa, ubaguzi wa rangi ukaondolewa shuleni, watoto wakajaa madarasani. Kwa shule za msingi kukawa na CPE mwisho wa darasa la saba. Kwa sekondari, Kenya, Uganda na Tanzania zikaunda baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967. Tanzania ikajitoa 1971, na mwaka 1980 sisi tukaanzisha Baraza letu la Mitihani, KNEC. Majina yalibadilika sana. Ile kazi ya mtihani haikubadilika sana: shule za sekondari bado zilikuwa chache, kwa hivyo CPE nayo ilikuwa mlango.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya. Ni ile ile iliyofanya dunia ianze kuongea kuhusu sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba mitihani yetu ni sehemu ya shida. Mtoto anakariri ili apite, akishakosa nafasi ya sekondari anabaki na vitu alivyokariri, na haviwezi kumsaidia shambani, kwa karakana wala sokoni. Ikasema mtihani ubadilishwe.

Na kweli, katikati ya miaka ya 70 watu wa mitihani wizarani walianza kuubadilisha. Mtafiti aliyehusika sana anaitwa Anthony Somerset. CPE ilikuwa karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na moja ya mseto iliyochanganya sayansi, historia na jiografia. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, yakisahihishwa kwa mashine. Kwanza wakageuza maswali yenyewe. Yale ya kukumbuka tu yakapunguzwa, yakaongezwa ya kufikiri, yanayotumia vitu mtoto wa kijijini anaviona kila siku.

Lakini hicho siyo kitu kilichonifanya nikae wima kitandani saa saba usiku. Ni kilichofuata. Walianza kurudisha majibu kwa shule, na walirudisha vitu viwili pamoja.

Cha kwanza kilikuwa orodha. Wilaya zikapangwa kwa utaratibu wa nani amefanya vizuri, na shule ndani ya wilaya vivyo hivyo. Hiyo ilikuwa ya kuamsha watu. Ukijiona chini, unashtuka.

Cha pili kilikuwa jarida. Lilitumwa shuleni likielezea: swali hili liliwashinda watoto wengi, wengi walichagua jibu hili badala ya lile, hivi ndivyo walivyofikiri mpaka wakakosea, na hivi ndivyo mwalimu anaweza kufunza hiyo mada mwaka ujao. Orodha ilikwambia uko nyuma. Jarida lilikwambia utatokaje huko nyuma.

Na ilileta nini? Mwaka wa kwanza pengo kati ya wilaya lilipanuka. Waliokuwa mbele ndio walishika haraka. Lakini miaka iliyofuata mambo yaligeuka, na wilaya nyingi zilizokuwa nyuma zikaanza kusogea. Somerset mwenyewe aliandika kuhusu hayo baadaye. Yaani wasee, hii ilifanyika hapa. Kenya. Bila intaneti, bila simu, kwa karatasi zilizosafiri kwa posta.

Mjomba wangu alifanya CPE miaka hiyo. Nilimpigia. Anakumbuka mwalimu wao wa sayansi akiingia na makaratasi mkononi na kusema, "Mwaka jana wenzenu walidanganyika hapa, nyinyi hamtadanganyika." Alinisimulia kama mtu anayekumbuka goli la Harambee Stars.

Sasa swali: ile kitu ilienda wapi?

Mwaka 1985 tuliingia 8-4-4, CPE ikafa, KCPE ikazaliwa. KCSE ya kwanza ikaja 1989. KCPE mwanzoni ilikuwa ya alama 700, baadaye ikawa 500. Na orodha? Orodha ilinona. Ikatoka kwa bahasha ya wizara ikaingia kurasa za magazeti. Shule bora kitaifa, mkoa bora, wilaya bora, mtoto bora akibebwa juu juu na picha yake ukurasa wa kwanza. Kila Mkenya wa umri fulani anaijua hiyo siku.

Jarida, ile nusu nyingine, halikuwa na picha ya kubebwa juu juu. Hakuna mzazi alinunua gazeti ili asome kwa nini watoto hukosea sehemu na desimali. KNEC bado hutoa ripoti baada ya KCSE ikichambua maswali yaliyowashinda watahiniwa, na ni kazi nzuri, niwape haki yao. Lakini angalia saa: ripoti inatoka wakati uliyefanya mtihani ushaenda nyumbani. Inasaidia wanaokuja nyuma yako. Wewe haikusaidii kitu.

Na hapa ndipo hoja yangu yote imekaa. Mtihani wa mwisho hauwezi kukusaidia wewe uliyeufanya. Ni wa katikati tu unaoweza: wa wiki ya sita, wa muhula wa kwanza, moki ya wilaya mwezi wa saba. Hiyo ndiyo mitihani pekee ambayo kosa lako bado lina muda wa kurekebishwa. Na hiyo ndiyo tumeichukua tukaigeuza iwe mwigo wa ule wa mwisho.

Angalia vile moki ya wilaya ilipangwa. Walimu wa shule kadhaa wanakaa wanatunga. Karatasi zinachapishwa, wazazi wanalipa. Kuna ratiba, kuna bahasha zilizofungwa, kuna walimu wa kusahihisha, kuna siku ya kutangaza. Kila kitu kimepangwa mpaka siku ya kutangaza. Baada ya hapo ratiba iko tupu. Hakuna aliyeandika, "Jumatatu hadi Jumatano: kurudia maswali yaliyowashinda." Jumatatu ni kipindi kipya, mada mpya, ju silabasi haijaisha.

Halafu tunashangaa watoto wanaiogopa. Mwaka 2008, baada ya wimbi la migomo shuleni, Waziri wa Elimu Sam Ongeri alipiga marufuku moki. Unajua kilichofuata. Zilirudi na nguo mpya: tathmini ya pamoja, jaribio la pamoja, jina lolote zuri. Mwaka 2014 Waziri Jacob Kaimenyi akaondoa upangaji wa shule kwa nafasi. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa. Mwaka huo huo Fred Matiang'i alibana wizi wa KCSE, na gredi za A zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Hapo ndipo nchi iliona kwamba hata ile orodha tuliyoiabudu miaka yote, mahali pengine ilikuwa inapima nani ameona karatasi mapema.

Ona kila waziri aligusa nini. Mmoja alifuta mtihani. Mwingine alifuta orodha. Mwingine alilinda bahasha. Sijaona aliyerudisha lile jarida.

Sitaki kudanganya kwamba orodha haina maana. Bila orodha, wilaya iliyosahaulika inabaki imesahaulika, na hakuna anayeaibika. Zile za miaka ya 70 ziliwaamsha watu kweli. Lakini ukimwamsha mtu usiku na umwambie nyumba inaungua, halafu ufunge mlango kwa nje, hujamsaidia.

Yangu ilikuwa hivi. Kemia, mada ya moli. Nilikosea kwa opena ya kidato cha tatu. Nikakosea tena mwisho wa muhula. Nikakosea kwa moki ya pamoja, ile mwalimu wetu bado aliita ya wilaya ingawa siku hizi ni kaunti ndogo. Kila mara nilipata namba mbaya, na kila mara nilijua tu kwamba mimi ni mbaya wa kemia. KCSE ikaja, moli ikaja, nikakosea mara ya nne. Baadaye sana, nikiwa nimeshamaliza, nilimsaidia jirani kusoma na tukaangalia mifano pamoja. Nikagundua nilikuwa nagawanya mahali pa kuzidisha. Miaka miwili, kosa moja. Dakika kumi zingelimaliza.

Kampasi nako nikakutana na kitu kile kile kimevaa tai. CAT mbili, inafaa uzifanye, alama ziingie, zijumlishwe na mtihani wa mwisho. Nilizifanya. Matokeo yakatoka, masomo mawili hayana alama. Nenda ofisi hii, nenda ile, leta ushahidi ulikaa kwenye CAT. Ushahidi ni karatasi, na karatasi hawakurudisha. Siwezi kusema ni hiyo pekee iliyonitoa, ju karo pia ilikuwa imenikaba koo. Lakini siku niliyobeba begi langu nikashuka stejini, sikuwa nimefeli hayo masomo. Hakuna aliyejua kama nimefeli au nimepita. Hata mimi.

Sasa turudi kwa sista, ju yeye ndiye bado ana muda.

Hawa watoto wa CBC wameahidiwa kitu tofauti. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Kwa mfumo mpya, mtihani wa Gredi ya 6 ulipangwa kubeba asilimia 40, na ile 60 itoke kwa tathmini za shuleni. Kwa Gredi ya 9, mtihani wenyewe ni asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 ni 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni 20. KNEC inatoa kazi, mwalimu anazipakua kutoka kwenye tovuti, watoto wanazifanya, mwalimu anapakia alama.

Kwa karatasi, hii ndiyo ndoto ya miaka ya 70. Kazi ya katikati imepewa uzito. Lakini soma hiyo sentensi tena: anapakua, wanafanya, anapakia. Mtoto yuko wapi baada ya kupakia? Alama imepanda juu Nairobi. Nani ameishusha chini kwa dawati la mtoto? Tukishaipa CAT uzito wa kuamua mtoto aende shule gani, tusipoangalia itakuwa mlango mwingine tu, mdogo, unaofungwa kila muhula. Babu alikuwa na milango miwili. Sista anaweza kuwa na kumi.

Dawa yangu si ya mabilioni. Futeni opena. Mtoto ametoka likizo juzi, mnampima nini? Chukueni hizo siku tatu muziweke baada ya mtihani wa katikati ya muhula. Ziandikwe kwa ratiba kama vile siku ya mtihani inavyoandikwa, ju kitu ambacho hakiko kwa ratiba ya shule ya Kenya hakipo. Karatasi zirudi. Na kaunti ndogo inayopanga mtihani wa pamoja itoe ukurasa mmoja kwa kila somo: maswali matano yaliyowashinda wengi, walikosea vipi, jaribu kufunza hivi. Siku hizi huo ukurasa hauhitaji posta. Unatumwa kwa simu kabla chai ya saa nne haijaisha.

Ijumaa nilienda shuleni kwa sista. Nikasalimia, nikajieleza, nikaomba karatasi yake ya hesabu. Mwalimu alinishangaa kidogo. Alikuwa amechoka, unaona tu.

"Kijana, nina watoto 68 kwa hili darasa pekee, na nafunza madarasa manne. Nikianza kumwelezea kila mmoja, nitamaliza silabasi lini?"

Nikamwambia, "Naelewa, Mwalimu. Sikuja kulaumu. Nipe tu karatasi." Na kweli naelewa. Hakuna aliyempangia muda wa kufanya hiyo kazi. Amepangiwa muda wa kusahihisha na siku ya kupeleka alama. Akaifungua kabati, akaitafuta, akanipa. Nilipokuwa mlangoni akaniita: "Ukijua shida iko wapi, uniambie pia."

Usiku tukakaa na sista kwa meza ya jikoni. Maswali aliyofeli yalikuwa mengi, lakini saba kati yake yalikuwa kosa moja: kila mahali palipokuwa na alama ya kutoa mbele ya mabano, alibadilisha namba ya kwanza akasahau ya pili. Kila mahali. Dada wa watu si mbaya wa hesabu, ana shimo moja na analiangukia kila mara. Ilituchukua dakika 40 hivi, pamoja na muda aliokasirika akaenda kunywa maji.

Jumatatu amebeba karatasi yake shuleni na kikaratasi changu kwa mwalimu, nimeandika: mabano, alama ya kutoa. Sijui mwisho wa muhula atapata ngapi. Inaweza kuwa 40, inaweza kuwa 31 tena.

Lakini wewe ambaye una mdogo wako shuleni, akija na kile kikaratasi cha risiti, usimuulize amekuwa namba ngapi. Muulize karatasi iko wapi. Na kama iko ofisini, vaa viatu uende ukaiombe.